Wanene Watano kwa Kila Mia

Nchi hii haina jina. Lilikuwapo, tena zuri, lakini lilipelekwa kwenye kamati ya kulifanyia marekebisho madogo na mpaka leo halijarudi. Kwa hiyo nikisema "nchi ile," msomaji asinikodolee macho wala asigeuke kumtazama jirani yake. Ni nchi ile tu, iliyoko kule.

Nchi ile ilikuwa na Wizara ya Uzani na Wastani wa Taifa. Wizara nyingine zilishughulika na maji, barabara, dawa na vitu vingine ambavyo havikuwapo. Hii ilishughulika na wastani, ambao hupatikana hata pale pasipo na kitu. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Kitwana Mbonde, mtu aliyejaliwa sauti ya kufungulia mikutano. Akisema "habari za asubuhi" nyumbani kwake, mpishi alipiga makofi.

Siku moja Mheshimiwa alisoma gazetini kwamba huko Korea watoto wamekuwa wakinenepa mwaka hadi mwaka, na kwamba wataalamu wa huko huwapima, wakaandika, wakachora mwelekeo mzima kwenye karatasi. Akaona wivu mpaka chai ikapoa.

"Wenzetu wana mwelekeo," akamwambia katibu wake. "Sisi tuna nini?"

"Tuna semina, Mheshimiwa."

"Basi tukatafute mwelekeo."

Ukaondoka ujumbe wa watu ishirini na watatu, wawili kati yao wakijua wanakwenda kufanya nini. Huko wakapokewa na mtaalamu mmoja mwanamke, Daktari Seo, mpole, mwenye fimbo ndogo ya kuonyeshea ubaoni. Akawaonyesha mchoro wa mistari iliyopanda kama ngazi.

"Zamani tuliwapima watoto wengi," akasema kwa mkalimani, "tukachora mistari hii. Huu wa juu kabisa ndio wa kuangalia. Siku zile, katika kila watoto mia, watano walikuwa juu ya mstari huu. Hao ndio tuliowaita wanene."

Hapo ndipo afisa itifaki wa ujumbe wetu aliposimama na kupaza sauti: "Picha ya pamoja!"

Sasa, mgeni wa nchi ile lazima aelewe jambo moja. Kule, picha ya pamoja si burudani, ni kazi yenyewe. Mkutano usiokuwa na picha haukufanyika, na semina yenye picha imefaulu hata kama mtoa mada hakufika. Ujumbe wote ukatoka mbio kwenda kwenye ngazi za nje kugombania kusimama karibu na Mheshimiwa.

Daktari Seo, kwa kuwa alilelewa asikatishe sentensi, akaendelea na viti. "Lakini watoto wa leo tunawapima kwa mstari uleule wa zamani, na waliouvuka si watano tena. Ni wengi zaidi, wavulana kuliko wasichana. Wanakaa mno, wanalala kidogo, wanakula vya haraka. Jambo la maana ni hili: mstari ni kioo cha kujitazamia tu. Hauwezi kuwa amri." Mkalimani akatafsiri yote, neno kwa neno, kwa ufasaha mkubwa. Viti vikasikiliza.

*

Mheshimiwa aliporudi, uwanja wa ndege ulifurika ngoma. Akapanda jukwaani ameshika karatasi ya mchoro ule juu ya kichwa kama mtu aliyekamata samaki.

"Ndugu wananchi! Nimekwenda mbali, nimerudi na mstari!"

Makofi.

"Mstari huu hauliwi wala haunyweki. Lakini taifa lisilo na mstari ni kama suruali isiyo na mshipi! Wenzetu wa Korea, watu wa viwanda, watu wa treni za umeme, wana wanene watano kwa kila watoto mia. Sisi tunao wangapi? Hatujui! Huku wamezidi, kule hawaonekani kabisa. Huo si unene, ndugu zangu, huo ni utovu wa nidhamu! Kuanzia leo, kila shule itakuwa na wanene watano kwa kila mia. Si wanne, si sita. Shule itakayozidisha ni ya walafi. Shule itakayopunguza ni ya wahujumu!"

Makofi, vigelegele, na mzee mmoja akazimia, ingawa ilisemekana baadaye ni jua.

Bunge likapitisha Sheria ya Watano kwa Mia kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa sheria fupi. Watoto watano wazito kuliko wenzao watakuwa wanene kisheria, na hawatapewa kikombe wala sahani shuleni. Waliobaki ni wembamba kisheria, na kwa huruma ya serikali watapewa biskuti za siagi za kuwaongezea mwili. Na mtoto atakayeorodheshwa mara mbili mfululizo atapelekwa Kambi ya Kukondea, bondeni, miezi mitatu, bila kujali anasoma darasa gani wala ana mtihani gani.

Katika mji mkuu kulikuwa na shule iitwayo Upeo, ya watoto mia moja, wengi wao wa wakubwa. Watoto hawa walishushwa na magari mlangoni mwa darasa. Kiwanja chao cha mpira kilikuwa kimegeuzwa maegesho ya magari yanayowaleta watoto kwenye mazoezi ya mpira. Jioni walikwenda masomo ya ziada, na baada ya masomo ya ziada, masomo ya kuongezea yale ya ziada, huku wakila chipsi kwenye mifuko ya karatasi. Madaktari waliwahi kusema kwamba sitini kati yao wanahitaji msaada. Sheria ilipofika, hamsini na watano kati ya hao sitini walikonda siku hiyohiyo saa nne asubuhi, kwa muhuri. Wakaanza kupewa biskuti za siagi.

Wizara ikatangaza kwamba haijapata kutokea duniani.

*

Lakini sheria haikutungwa kwa ajili ya mji mkuu peke yake. Ilipanda pia mpaka Shule ya Msingi Vilele, huko milimani, ambako biskuti hazikufika kwa sababu ziliogopa barabara. Shule ile nayo ilikuwa na watoto mia moja kamili, na wote walikuwa wamekauka kama kuni, maana kuja shule ni mwendo wa saa mbili kupanda, na kurudi ni saa mbili ambazo, kwa namna mlima ule ulivyoumbwa, nazo ni za kupanda.

Afisa Mpimaji wa Wilaya, Bwana Lufunga, akafika na mizani imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa.

"Karibu, Bwana Mpimaji," akasema mwalimu mkuu, Mwalimu Mwinjuma. "Ila umejichosha bure. Hapa hatuna mnene. Mnene wetu wa mwisho alikuwa mkaguzi wa elimu, naye alipita tu."

"Mwalimu, unabishana na hesabu?"

"Hapana, namweleza mgeni."

"Watoto mia?"

"Mia."

"Basi wanene watano wamo humu. Kazi yangu ni kuwatoa walikojificha."

Watoto wakapanda mizani mmoja mmoja. Wanne walipatikana upesi, wa madarasa ya chini, mapacha wawili wa muuza maziwa na wavulana wawili wenye vichwa vikubwa. Wa tano ndiye aliyeleta mashaka. Shule ya Vilele ilikuwa na jozi tatu za viatu vya raba, vilivyohifadhiwa ofisini kwa ajili ya wageni rasmi. Mgeni akija, watoto watatu huvaa kwa zamu na kukaa mstari wa mbele. Siku ile zamu ilikuwa ya Tunu, msichana wa darasa la saba, mwenye miguu kama vijiti vya kuchokolea jiko na kichwa chepesi kwa hesabu kuliko mtoto yeyote wa mlima ule.

"Thelathini na moja nukta nne," akasoma Bwana Lufunga.

Rafiki yake Chausiku, pekupeku, alikuwa na thelathini na moja nukta mbili.

"Nivue viatu, mjomba?" akauliza Tunu.

"Kanuni hazisemi kitu kuhusu viatu. Wewe ni mnene. Hongera, na usirudie."

Tunu alipofika nyumbani na cheti chake, mama yake, Bi Sikudhani, alikuwa anakamua mbuzi. Alikisoma mara mbili, akacheka mpaka mbuzi akaondoka.

"Wewe mnene? Basi huyu mbuzi wangu ni kifaru!"

"Mama, si kicheko. Nikiandikwa tena muhula ujao, napelekwa kambini miezi mitatu. Na mtihani wa darasa la saba umo humohumo."

Katika ukoo wao hakuna aliyepata kufika sekondari. Bi Sikudhani mwenyewe aliishia la nne, mwaka ambao mwalimu wa la tano alishuka kununua chaki na hakuonekana tena. Akakikunja kile cheti kidogo kidogo mpaka kikawa kama punje ya hindi.

"Kambini huendi," akasema.

*

Sasa hapa ndipo sheria ya mji ilipokutana na desturi ya mlima.

Saa nne kila siku, Vilele hupikwa uji wa mahindi kwenye pipa, kikombe kimoja kwa kila mtoto. Kwa sheria, wale watano hawakupewa vikombe. Lakini mlimani kule, mtu hali mbele ya mwenzake bila kumwonjesha. Akifanya hivyo, watu humwuliza kwa upole kama mama yake ni mzima. Sheria ilikataza kikombe. Haikusema lolote juu ya kuonja.

Chausiku akawa wa kwanza. "Onja, shoga."

Tunu akapiga funda moja. Akaja wa pili, "Onja." Wa tatu, "Onja, dada." Funda moja si kitu. Mafunda tisini na tano ni birika zima na chenji. Hivyo wale watano waliokatazwa kula wakawa ndio pekee wanaoshiba, kila siku ya Mungu, na uji ukisindikizwa na heshima.

Haukupita muda Tunu akaota mashavu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashavu kuonekana katika darasa lile, na wengine waliomba kuyagusa. Sketi ikaacha kuzunguka kiunoni. Chausiku akamnyanyua kwa mikono kupima uzito, akakunja uso.

"Umeongezeka."

"Najua! Acheni kunionjesha!"

"Tuache? Halafu watu waseme Chausiku mchoyo?"

"Nitapelekwa kambini, mwenzangu!"

"Utapelekwa, lakini mimi sitakuwa nimekunyima," akasema Chausiku, akamsogezea kikombe, machozi yakimlenga. "Onja basi kidogo."

Taarifa ya mashavu ikafika wizarani. Wizara ikafurahi kupita kiasi. Ikatoa tamko kwamba mizani ya serikali iliona unene wa watoto wale miezi mitatu kabla haujatokea, jambo ambalo Korea yenyewe haijaliweza. Ikatangazwa tarehe ya upimaji wa pili. Mtihani ungekuja wiki tatu baadaye.

*

Bi Sikudhani akadandia lori la viazi, akashuka mji mkuu, akauliza njia mpaka akafika chini ya jengo la Wizara ya Uzani. Ofisi ya Waziri ilikuwa ghorofa ya tisa. Lifti ilikuwapo, ila ilipanda na wenye vyeo tu. Akashika ngazi, na kwa mguu wa mlimani akafika ya nne kabla askari wa mlangoni hajamaliza kumwuliza anakwenda wapi.

Ghorofa ya nne palikuwa na mvulana mkubwa wa mwili amekaa kwenye ngazi, anahema, shati limelowa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa njiani kama mzigo wa forodhani?"

"Napumzika. Nampelekea baba barua. Nikifika ya nne naona giza."

"Lifti je?"

"Ya wenye vyeo. Mimi sina cheo, nina baba tu." Jina lake lilikuwa Haidari Mbonde, mtoto wa Waziri, darasa la saba, Shule ya Upeo.

"Na hiyo pumzi hujaenda kuitibu?"

"Siruhusiwi, mama. Mimi mwembamba." Akatoa cheti mfukoni, kina muhuri. "Nafasi za unene shuleni kwetu ni tano. Zimekwenda kwa mtoto wa Spika, watoto wawili wa Jaji, na wale wawili wa Jenerali. Wao, kwa kuwa ni wanene kisheria, wana daktari na mwalimu wa mazoezi. Mimi nimekuwa mwembamba wa arobaini na moja. Napewa biskuti. Nikizikataa naandikwa mtovu wa nidhamu." Akatazama viatu vyake. "Darasani wananiita Godoro. Sitaki mengi. Nataka kukimbia kuzunguka kiwanja mara moja tu, nisione giza. Na kiwanja chenyewe hatuna."

Bi Sikudhani akakaa kando yake, akafungua kitambaa, akampa hindi la kuchemsha.

"Ngoja nikwambie la kwetu," akasema, akamweleza habari za Tunu.

Haidari akasikiliza, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Mama, kwenu watano wanahesabiwa wazito kuliko wote?"

"Ndivyo."

"Mimi nina sabini na mbili. Nikihamia kwenu nitakuwa wa kwanza. Yule wa tano atakuwa wa sita."

"Na wa sita?"

"Ni mwembamba kabisa!"

Walipanda ghorofa tano zilizobaki pamoja, wakipumzika kila moja. Mheshimiwa Mbonde aliwapokea akiwa na mpiga picha, kwa sababu alikuwa naye sikuzote.

"Mheshimiwa," akaanza Bi Sikudhani, "mwanangu si mnene. Ni viatu."

"Mama, unene si suala la mtu mmoja mmoja. Ni suala la taifa. Wewe unaona mtoto, mimi naona mstari."

"Baba," akasema Haidari, "nataka kuhamia shule ya Vilele nikawe mnene huko."

Mheshimiwa akafungua mdomo kukataa. Kisha akamwona mpiga picha akiinua kamera, na kichwani mwake gazeti la kesho likajichapa lenyewe: MTOTO WA WAZIRI AJITOLEA KUNENEPA MLIMANI. Akamkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja na Bi Sikudhani kwa mwingine.

"Uzalendo huu," akasema kwa sauti ya kufungulia mkutano, "haufundishwi!" Mwanga ukamulika, hati ya uhamisho ikasainiwa.

*

Siku ya kwanza Haidari, aliyefikia kwa Bi Sikudhani, alitumia saa tano kufika Vilele, Chausiku akimsukuma mgongoni na mapacha wakimvuta mikono. Alifika wakati wengine wanatoka, akageuka nao. Wiki ya pili alitumia saa tatu. Hakuna aliyemwita Godoro. Huko alikuwa mgeni wa heshima, mtu aliyekuja na kilo sabini kuwaokoa, na kila jioni walimwuliza kwa wasiwasi, "Hujapungua sana, kaka?"

"Kidogo tu."

"Usitupe hasara!"

Siku ya upimaji, Bwana Lufunga akafungua blanketi lake. Kanuni mpya zilisema viatu vivuliwe, isipokuwa vya mpimaji. Haidari akapanda: sitini na sita. Mlima mzima ukavuta pumzi. Wakafuata mapacha, wakafuata wenye vichwa. Tunu, na mashavu yake yote, thelathini na nne. Wa sita!

Bi Sikudhani akapiga kigelegele kilichosikika bondeni. Chausiku akamrukia rafiki yake shingoni. Mwalimu Mwinjuma, ambaye hakuwa mtu wa kucheza, alicheza kidogo kwa mabega.

"Kimya!" akasema Bwana Lufunga. "Wanafunzi mko wangapi sasa?"

"Mia moja na mmoja," akasema mwalimu. "Mgeni ameongeza."

Bwana Lufunga akatoa kikokotoo, akabonyeza, akabonyeza tena, akakitikisa.

"Watano kwa kila mia. Mia moja na mmoja ni watano nukta sifuri tano. Kuna mabaki."

"Mabaki ya nini?"

"Ya mtoto. Sehemu moja ya ishirini. Shule yenu inadaiwa na taifa sehemu moja ya ishirini ya mnene, na kwa mfuatano wa uzito inamwangukia wa sita. Huyu hapa. Kwa kuwa hii ni mara yake ya pili, sehemu hiyo itakwenda kambini."



"Sehemu ipi?" akauliza Bi Sikudhani kwa sauti ya chini sana.

"Kanuni hazisemi. Mkono mmoja ungetosha, nadhani. Wa kushoto, ili asitaabike kula."

"Mkono wa nani?" Bi Sikudhani akaanza kukaza kanga kiunoni. "Hebu sogea hapa uuchukue, baba. Sogea! Mbona warudi nyuma? Serikali hairudi nyuma!"

"Mama! Mama, niache niseme," akasema Tunu. Alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, kama afanyavyo darasani. "Mjomba, siku moja ina dakika ngapi?"

"Usiniite mjomba. Mimi ni serikali."

"Haya, serikali. Siku ina dakika elfu moja mia nne na arobaini. Gawa kwa ishirini."

Bwana Lufunga akabonyeza. "Sabini na mbili."

"Basi msinikate. Niwe mnene dakika sabini na mbili kila siku. Dakika zinazobaki niwe mwembamba. Hesabu itakuwa imetimia, na mimi nitakuwa mzima."

Bwana Lufunga akakitazama kikokotoo kwa muda mrefu, akitafuta kosa. Hakuliona. Akapanda kwenye jiwe lenye mtandao, akapiga simu wizarani. Alisikika akisema "ndiyo mkuu" mara kumi na nne. Aliposhuka, jibu lilikuwa limepatikana: Wizara imekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sharti kwamba dakika hizo ziwe za saa za kazi, ili serikali iweze kuzisimamia. Mtoto atakuwa mnene kuanzia saa tatu kamili asubuhi mpaka saa nne na dakika kumi na mbili. Muda huo atahesabiwa kuwa yuko kambini, na mtu aliyeko kambini haonekani darasani.

Wale wanne wadogo, waliokuwa wameandikwa mara mbili, wakapelekwa kambi ya kweli bondeni. Barua yao ya kwanza ilisema chakula ni wali na kuku, kwa kuwa wakaguzi hula hukohuko, na wazazi wasifanye haraka ya kuwaombea ruhusa.

Kwa Tunu ilichorwa kambi ya karibu. Bwana Lufunga alipiga duara la chaki uani, upana wa hatua mbili, akaandika ndani yake KAMBI. Kila asubuhi alipanda mlima kuja kuisimamia.

Mwalimu Mwinjuma ndiye aliyeiona ratiba ya mtihani kwanza. Alikwenda nayo nyumbani kwa Bi Sikudhani, akaiweka mezani. Hisabati: saa tatu kamili hadi saa tano kamili.

"Nitabakiwa na dakika arobaini na nane," akasema Tunu.

"Kwa maswali hamsini," akasema mwalimu.

Barua ikaandikwa wizarani kuomba saa ibadilishwe. Wizara ikajibu haraka isivyo kawaida: ombi limepokelewa, litajadiliwa na kamati, na kamati itapigwa picha.

*

Siku ya mtihani ilikuwa na jua kali mapema. Saa tatu kengele ikagongwa. Haidari, Chausiku na wenzao wakaingia. Haidari aligeuka mlangoni, akamtazama Tunu, akaingia.

Tunu akaingia kwenye duara lake, na penseli mbili mkononi. Bwana Lufunga akakaa juu ya kiti cha darasani kilichomzidi udogo, saa ya mkononi mbele ya macho. Ng'ambo ya ua, Bi Sikudhani alisimama kwenye kichaka cha miba kilichozunguka shule. Mwanamke yule, ambaye mlima wote ulijua anapoamka na anapolala kwa sauti yake, alisimama tu, mkono mdomoni.

Karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Dakika ngapi, serikali?"

"Nne."

Ndani mtu alikohoa. Penseli zilianza kukwaruza, moja, kumi, zote. Tunu akavunja kijiti, akaanza kugawa namba mchangani, namba za kubuni tu, ili mkono usipoe. Aligawa elfu kwa kumi na saba. Akafuta. Akagawa tena.

"Ngapi sasa?"

"Tisa."

"Mjomba, nikitumia sekunde hamsini na saba kwa kila swali…"

"Mimi ni serikali."

"Nikitumia sekunde hamsini na saba kwa kila swali na nisirudie hata moja, naweza. Ila nikikosea moja, siwezi." Akasema hivyo bila kulia, kama mtu anayesoma bei ya chumvi. Kijiti kikamvunjikia. Akatafuta kingine ndani ya duara, hakuna. Kulikuwa na kimoja kizuri hatua moja nje ya chaki. Akakitazama, akaacha, akaanza kuandika kwa kidole.

Bwana Lufunga alitazama kidole kile. Alitazama dirisha. Alimtazama mama aliyesimama kwenye miba kwa miguu mitupu. Akavuta leso, akajifuta shingo, ambayo haikuwa na jasho.

"Ngapi?" akauliza Tunu, hakuinua kichwa.

Bwana Lufunga akavua saa yake. Akashika kile kifundo kidogo cha pembeni, akakizungusha, mshale ukapiga mbio kuzunguka uso wa saa. Akaisogeza karibu na macho, akakunja uso kwa namna ya kiserikali.

"Saa nne na dakika kumi na mbili," akasema. "Umekonda."

Tunu akainua kichwa. "Lakini mjomba, sasa hivi umesema ti…"

"Umekonda, nimesema! Unabishana na saa ya serikali? Kimbia!"

Tunu akakimbia. Mlango ukafunguka, ukafungwa, na penseli nyingine ikaanza kukwaruza humo ndani, kasi kuliko zote.

Bwana Lufunga akainuka, akavaa saa yake, akatazama huku na huku. Kisha akaanza kuifuta kambi kwa soli ya kiatu.